Kigari Chekundu cha Haboba

Wiki iliyopita bosi wetu alipokea kifurushi kutoka kwao Ulaya, akakifungua palepale ofisini Thongpiny, hapa Juba, sisi tukimtazama. Akatoa karatasi, akatoa sponji, halafu kisanduku cha kioo, na ndani ya kioo kulikuwa na kigari. Chekundu, urefu wa kiganja, pua ndefu, viti viwili, hakina paa, usukani mwembamba kama pete. Alituambia ni mfano wa gari la mbio la miaka ya hamsini, na kwamba fundi aliyekitengeneza amefuata vipimo vya gari lenyewe hata kwenye namba za saa ya mwendo. Kabla ya kukigusa alivaa glavu nyeupe za pamba. Dereva wetu akauliza kama kinakula petroli au dizeli, watu wakaangua kicheko. Mimi kicheko kilinikataa. Nilitoka nje, nikasimama nyuma ya jenereta, nikajifanya ninapiga simu.

Kigari kama kile ninakijua, rafiki yangu. Nimekipangusa kwa mikono yangu mwenyewe. Ninajua jinsi mlango wake unavyofunguka ukiuchokonoa kwa ukucha, na harufu ya chuma inayobaki vidoleni ukishakirudisha kabatini. Na ninajua jinsi kilivyonifanya nikawa mwizi kwa siku moja.

Nilikuwa na miaka minane mama aliponileta Juba. Yeye alitangulia, akapata kazi ya upishi katika hoteli moja ya Hai Amarat, halafu akaja kunichukua kwa bibi yangu kule Kakamega. Chumba alikipata Gumbo, ng'ambo ya daraja la mto Nile, kwenye ua uliozungushiwa mianzi. Aliondoka alfajiri, malori ya kutoka mpakani Nimule yakianza kunguruma barabarani, akarudi jioni ananuka vitunguu na mafuta ya chapati. Kati ya alfajiri na jioni, nikishatoka shule, nilikuwa mtoto wa jirani.

Jirani huyo alikuwa mjane mzee, mwenyeji wa Juba, mrefu, mwenye mikono mikubwa kuliko ya wanaume wengi niliowajua. Kila mtu alimwita Haboba, ambayo kwa Kiarabu cha Juba ni bibi, na mimi sikuwahi kujua jina lake lingine. Kiswahili alikiokota Uganda, alikokimbilia wakati wa vita vya zamani, na alikizungumza bila kukionea haya. "Mimi iko hapa, wewe iko wapi?" ndivyo alivyoniita kutoka jikoni kwake. Mimi niliyetoka shule ya Kenya nilijaribu kumsahihisha siku za mwanzo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kweis, vizuri," halafu akaendelea kusema vilevile.

Alinifundisha kazi zake zote. Kunyunyiza maji uani kabla ya kufagia ili vumbi lisiingie kwenye vikombe. Kusikiliza honi ya lori la maji lile la buluu na kuwa wa kwanza na jerikeni. Kumimina uji wa mtama uliochachuka kwenye bamba la moto na kuutandaza haraka, mara moja, bila kurudia, mpaka ukawa kisra nyembamba kama kitambaa. Zangu zilitoka na matundu. Alizila zile za matundu yeye, akanipa nzuri, na mchuzi wa bamia kavu uliosagwa na karanga. Mpaka leo nikisikia harufu ya uji wa mtama ukichachuka, tumbo langu linafikiri ni saa nane mchana na nimetoka shule.

Chumbani kwake kulikuwa na kabati la kioo. Vikombe sita, birika, picha ya ubatizo wa mjukuu wake, na juu ya kitambaa alichokitarizi mwenyewe, kigari. Rangi yake ilikuwa imebanduka puani na kwenye kingo za milango, lakini magurudumu yalikuwa na spoku nyembamba za fedha na yalizunguka ukiyapuliza. Kila Jumamosi alikitoa, akakiweka mapajani, akadondosha tone la mafuta kwenye pamba, akakipangusa. Mwaka wa kwanza nilitazama tu. Mwaka wa pili alinipa pamba.

Na wakati tukipangusa, alisimulia. Alipokuwa bi harusi mbichi, mume wake alikuwa fundi wa magari wa mfanyabiashara mmoja Mgiriki hapo mjini. Mgiriki huyo aliagiza gari la kweli la namna ile, likaja kwa meli ya mtoni kutoka Khartoum, limefunikwa turubai kama maiti. Watu walijipanga kulitazama likishushwa. Gari zuri, lakini tumbo lake lilikuwa chini mno kwa barabara zetu, mvua zikianza halikwenda popote. Mwenyewe akawa anasafiri, analiacha. Basi fundi akaambiwa aliwashe kila Jumapili na kulizungusha kidogo injini isije ikalala. Jumapili ya kwanza alikwenda peke yake. Ya pili alimchukua mke wake. Kiangazi kilipoisha, mke ndiye aliyekuwa kwenye usukani.

"Mimi ilikuwa naendesha hii," Haboba alisema, akigonga boneti ya kigari kwa kidole. "Si hii mtoto. Mama yake. Barabara ya Yei, mimi hapa, bwana yangu hapa, ameshika kofia."

Mgiriki alipofunga duka na kuondoka, gari kubwa lilikwenda naye. Kigari, ambacho alikuwa akikiweka mezani kama kitu cha kuzuia karatasi zisipeperuke, alimwachia fundi. Fundi naye alifariki wakiwa ukimbizini. Kwa hiyo, ukitafakari, duniani kulikuwa kumebaki shahidi mmoja tu wa hadithi ile, na alikuwa wa chuma.

Wengine hawakuamini. Wakwe zake walikuja Jumapili kula, na akianza kusimulia walitazamana. Jirani wa chumba cha tatu, mama muuza samaki wa kukaanga, aliniambia kwa upole kwamba uzee huchanganya ndoto na mambo ya kweli. Haboba aliyaona yote hayo. Alikuwa na neno lake moja la nyakati hizo, "malesh," basi, yapite. Alilisema huku akiinuka kuchukua vyombo.

Mimi niliamini. Niliamini kiasi kwamba mwalimu wetu, kijana kutoka Gulu kule Uganda aliyetufundisha Kiingereza na insha, alipotutaka tuandike kuhusu mtu tunayemstaajabia, niliandika kurasa mbili juu ya Haboba na gari jekundu la barabara ya Yei. Alinisimamisha nisome mbele ya darasa. Nilisoma kwa sauti kubwa. Nilipofika pale pa kofia, darasa zima lilikuwa linacheka, na mwalimu mwenyewe alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Nilisema mtu wa kweli," aliniambia. "Hii umetoa kwenye televisheni. Andika nyingine."

"Ni wa kweli, mwalimu. Ni jirani yetu."

"Bibi wa Gumbo aliendesha gari la mashindano? Hapa Juba? Zamani zile?" Alitikisa kichwa, na nadhani hakukusudia ubaya. "Mtoto, uongo ukiandikwa vizuri bado ni uongo."

Neno hilo nilirudi nalo nyumbani. Kesho yake asubuhi, Haboba alipokwenda kuchota mkaa, niliingia chumbani kwake, nikafungua kabati, nikakiweka kigari ndani ya mfuko wa vitabu, katikati ya sweta. Nilijiambia kwamba sikiibi. Ninakipeleka kutoa ushahidi tu, na mchana kitakuwa kimerudi.

Sikufika nacho. Ilikuwa imenyesha usiku, barabara ya Nimule ilikuwa tope tupu, na karibu na wauza mananasi lori lilipita kasi likatumwagia maji machafu sote tuliokuwa pembeni. Niliruka, nikateleza, mfuko ukafunguka. Kigari kilianguka juu ya jiwe. Nilikiokota kikiwa na magurudumu matatu.

Nililitafuta la nne nikiwa nimepiga magoti. Mama mmoja wa mananasi aliacha biashara yake akanisaidia, bila hata kujua tunatafuta nini, akawa ananiuliza, "Ni pete? Ni hela?" nami sikuweza kujibu kwa kulia. Tope lilikuwa limelimeza. Shule sikwenda siku hiyo. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, nikakiosha kigari kwenye beseni, nikakirudisha juu ya kitambaa chake na kuegemeza upande ulioumia kwenye kikombe, kisionekane kimeinama.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi na Ijumaa sikula vizuri. Mama alinipima joto kwa mgongo wa mkono, akasema labda ni malaria. Haboba alinichemshia ukwaju. Nilikunywa ukwaju wake nikiwa nimeinamisha macho, na sijawahi kunywa kitu kichungu kama kile, japo alikuwa ametia sukari.

Jumamosi ikafika. Akatandika mkeka, akaleta pamba, akafungua kabati. Nilisikia kikombe kikigonga kioo. Kuku walikuwa wanaparura nje, na redio ya muuza samaki ilikuwa inaimba.

"Ya bit," aliita hatimaye. Msichana. Hakuwa amepandisha sauti. "Mguu ya gari iko wapi?"

Nilimwambia yote. Nilianza na gurudumu, nikarudi kwenye tope, nikarudi kwenye mfuko, mpaka nikafika kwenye insha. Nilisema nitakwenda kulitafuta tena, nitalitafuta kila siku. Alikuwa ameshika kigari mapajani, kidole gumba kikipapasa pale palipobaki ekseli tupu. Nilingoja anifukuze.

"Mwalimu ilisema nini?" aliuliza.

"Alisema nimeandika uongo."

"Mimi ni uongo?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimehesabu vibaya kosa langu siku zote tatu. Hakuwa akilia gurudumu. Uso wake ulikuwa ule wa wakati wakwe wanapotazamana, ila safari hii hakusema malesh.

Jumatatu alivaa lawa yake ya kijani, ile shuka ya kufunga begani ambayo kwa kawaida ilitoka Krismasi, akajipaka mafuta usoni, akanishika mkono. Tulitembea mpaka shule. Kigari kilikuwa mkononi mwake, wazi, kila mtu akione.

Mwalimu alitukuta chini ya ukumbi wa mabati. Alimsalimia kwa heshima, akampa kiti. Haboba hakukaa. Alimwonyesha kigari na kumwambia kwa Kiswahili chake kwamba mtoto huyu amekosa, amechukua kitu bila ruhusa, na kwa hilo atafagia ua wiki mbili. "Lakini kalamu yake haikukosa," alisema. "Aliandika maneno yangu. Kama ni uongo, ni yangu."

Mwalimu alikuwa kijana mwema na aibu ilikuwa imeanza kumpanda. Alisema, "Mama, tafadhali, mimi sikujua. Mambo ya watoto..." Haboba alikuwa ameshaacha kumsikiliza. Alikuwa anaitazama pikapu ya mwalimu mkuu iliyoegeshwa kando ya uwanja, kuukuu, ya rangi ya maziwa, usukani upande wa kulia.

"Hiyo ya nani?"

Mwalimu mkuu, mzee wa hapahapa Juba, alikuwa ametoka ofisini kusikiliza. Alimtazama Haboba kutoka kichwani hadi miguuni, akatazama kigari, na kitu fulani kikamchezea mdomoni. "Ni yangu, mama yangu," alisema kwa Kiarabu. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

Wakati huo madarasa mawili yalikuwa tayari madirishani. Haboba alivua ndara zake akaziacha chini zikiwa zimepangwa sawasawa, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Akanipa kigari nishike. Akapanda, akasogeza kiti, akakusanya lawa juu ya magoti. Alikaa kidogo mikono ikiwa kwenye usukani, akitazama mbele, na mimi nilimwombea kwa nguvu zangu zote, kwa maana ghafla niliogopa. Niliogopa kwamba labda muuza samaki alisema kweli.

Injini iliwaka, ikatetemeka, ikazima. Mtoto mmoja akacheka. Haboba akakemea kitu, sijui alikemea gari au mtoto, akawasha tena. Safari hii niliona mguu wake mtupu ukikanyaga klachi polepole na mkono wa kushoto ukisukuma gia bila yeye kuitafuta kwa macho. Pikapu ikaondoka taratibu, ikashika uwanja. Alizunguka goli la kwanza. Alizunguka goli la pili. Kwenye mstari ulionyooka alibadilisha gia, ikaongeza mwendo, vumbi likainuka, mbuzi wakakimbia, na shule nzima, rafiki yangu, shule nzima ilikuwa nje ya madarasa ikipiga vigelegele. Mwalimu wangu alikuwa anapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Haboba alipita mbele yetu ameinua kidevu, na upande wa abiria mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooshwa kidogo juu ya kiti kitupu, kama mtu anayemzuia mwenziwe asipeperushwe.

Alisimamisha palepale alipoitoa. Alipokuwa anashuka mwalimu alikwenda mwenyewe, akainama, akazisogeza ndara karibu na miguu yake.

"Mama, nisamehe," alisema.

"Malesh," alijibu Haboba. "Breki ya hii gari ni mbaya. Itaua mtu."

Ua niliufagia wiki zote mbili, hilo halikusamehewa. Kigari kilirudi kabatini na magurudumu matatu. Nilimwuliza kama fundi baiskeli anaweza kukitengenezea jingine, akakiinua kwenye mwanga, akakigeuza, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Sasa ni raksha," alisema, akimaanisha zile teksi za magurudumu matatu. Toka siku hiyo hakikuitwa jina lingine. Na wakwe walipokuja Jumapili, yeye hakusimulia tena. Nilisimulia mimi. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Nilipata miaka mitatu mingine katika ua ule. Kisha mji ukaingiwa na risasi, hoteli ikafunga, na mama akaamua turudi Kenya. Basi la Nimule lilipita karibu na mlango wetu, ikawa Haboba amekuja kutusindikiza hatua chache tu. Nitakukiri jambo. Nilitarajia kigari. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tatu, nilikuwa nimejitungia moyoni namna atakavyonikabidhi na namna nitakavyokataa kwanza. Alinipa furushi la kisra iliyokaushwa na kopo la siagi ya karanga. Nilimkumbatia nikiwa na kinyongo, kwenye basi nikakaa dirisha la upande mwingine. Mama ndiye aliyempungia mkono kwa niaba yangu.

Nimerudi Juba nikiwa mtu mzima, kwa kazi, sasa ni mwaka wa pili. Jumapili yangu ya kwanza nilivuka daraja kwenda Gumbo. Ua haupo. Pana bohari la saruji, ukuta mrefu, geti la chuma, mlinzi aliyezaliwa kwingine. Niliulizia sokoni wiki baada ya wiki, mpaka mama mmoja wa mboga akanipeleka kwa mjukuu wake Haboba, yule wa picha ya ubatizo, ambaye sasa ana watoto wawili na anashona milaya, mashuka ya kutarizi. Alinikaribisha chai ya tangawizi. Haboba, alisema, alifariki kambini kaskazini mwa Uganda, akiwa amelala, msimu wa kupanda. Alizikwa huko.

Niliuliza kuhusu kigari nikiwa ninaona haya.

Kumbe walipokimbia, lori lao liliharibika njiani mchana kweupe, na watu wakasikia milio ya bunduki upande wa mbele. Wote waliingia kwenye nyasi ndefu wakalala kifudifudi. Mtoto mmoja, mgeni kabisa kwao, alikuwa analia na mama yake hakuweza kumnyamazisha, na watu walikuwa wameanza kumwangalia mama huyo kwa macho ambayo mjukuu hakutaka kunieleza zaidi. Haboba alitambaa mpaka kwa mtoto huyo. Alitoa kigari kifuani, akakizungusha gurudumu mbele ya macho ya mtoto, akamwekea mikononi. Mtoto alinyamaza. Walikaa hivyo kwa muda mrefu, mpaka milio ikahamia mbali. Mpakani watu walitawanyika, kila kundi na lori lake, na mtoto akaenda bado amekikumbatia. Hakuna aliyemdai.

"Hakusikitika?" niliuliza.

Mjukuu alifikiri. Alisema hapana, ila kule kambini jioni alikuwa akiwaita watoto na kuwasimulia barabara ya Yei jinsi ilivyokuwa. Si gari, alisema. Barabara yenyewe. Mti baada ya mti, kutoka nyumba ya mwisho ya mji, upi ulikuwa na nyuki, upi ulitoa kivuli kilichovuka mpaka ng'ambo, chini ya upi bwana yake alimwambia apunguze mwendo wapate kula maembe. Ilimchukua jioni nzima kufika mwisho, na hakuruka hata mmoja.

Nimeipita barabara hiyo mara nyingi sasa, kwenye gari la ofisi, vioo vikiwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi. Ni maduka, vituo vya mafuta, mabango, nyumba mpya zinazopanda mlimani. Ile miaka yote niliketi naye mkekani na pamba mkononi, nikimwuliza gari lilikwenda kasi gani, lilipiga honi ya namna gani, watu walisema nini walipomwona. Miti sikuwahi kumwuliza. Mjukuu alikumbuka miwili mitatu tu, na hakuwa na uhakika ilisimama upande gani.